Nakala Moja Tu

Bisibisi ya Mustafe ilikuwa imeshaingia kwenye skrubu ya kwanza ya diski ya kompyuta wakati mkono wa mtu asiyetarajiwa ulipopita kando ya bega la Ruweyda na kuizuia.

"Ukifungua kifuniko hapa, umeimaliza," mtu huyo akasema.

Kibanda cha Mustafe kilikuwa penye mlango wa Suuq Mugdi, soko ambalo nusu ya Garissa hulipitia kabla ya adhuhuri. Wauza maziwa ya ngamia, wachuuzi wa magauni ya Dubai na punda wa maji waligombea njia moja, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Mustafe alitengeneza simu. Alitengeneza pia kitu kingine chochote alichowekewa mezani, kwa kuwa hakujua kusema hapana.

"Wewe ni nani?" Ruweyda akauliza.

"Mtu aliyekuja kununua risasi ya kuchomelea."

"Basi nunua uende zako."

Hakwenda. Alikuwa mrefu, mwenye miwani, na shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi hadi kwenye mikunjo ya mikono. Alipitisha kidole juu ya meza ya Mustafe, akakiinua wakione. Kilikuwa chekundu kwa vumbi.

"Ndani ya diski hiyo kuna sahani zinazozunguka, na juu yake kinaelea kichwa cha kusomea. Nafasi iliyo kati ya sahani na kichwa hicho haipitishi hata chembe ya moshi. Nyinyi mnataka kuingiza hili."

"Sista, usimsikize," Mustafe akasema. "Huyu Bulle kila kitu kwake ni maiti, ili apewe yeye kuzika."

Bulle alimgeukia Ruweyda. "Inatoa sauti?"

"Inagonga. Tik, tik, tik, halafu inanyamaza."

"Na tangu ianze kugonga umeiwasha mara ngapi?"

Ruweyda hakulipenda swali hilo kwa kuwa alilijua jibu lake. Alikuwa ameiwasha kila alipopata tumaini jipya. "Kwani wewe ni polisi?"

"Kila ukiiwasha unaikwangua. Nakala ya pili iko wapi?"

"Hakuna."

"Hakuna?" Watu wawili waliokuwa wakinunua chaja waligeuka. "Mtu anatembea na kamera kama hiyo begani, hana nakala ya pili? Huo si uzembe, dada. Huo ni ujeuri."

Ruweyda aliichomoa diski mkononi mwa Mustafe, akaitia mkobani. Abaya yake nyeusi ilikuwa na tarizi ya kijani kwenye mikono, na chini yake alivaa raba nyeupe za mtu anayesimama kutwa. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi kwa hina.

"Warya, wewe kijana," akasema, "mimi si mwanafunzi wako."

Akapotea katikati ya punda na wachuuzi. Mustafe alicheka. "Umenifukuzia mteja, na wewe hukumpata."

Ruweyda hakuwa mzembe. Alipiga video za harusi upande wa wanawake, kutoka Garissa hadi Takaba. Katika sherehe hizo wanawake huvua abaya, huachia nywele, huvaa magauni mepesi ya rangi kali, hucheza na kughani buraanbur, utenzi wa Kisomali ambao ni wa wanawake peke yao. Mlango hufungwa. Simu hukusanywa kwenye beseni. Kamera inayoruhusiwa kuingia ni ya Ruweyda tu, kwa sababu ya sharti lake ambalo kila mama alilijua: nakala moja. Alihariri kwenye diski moja, akamkabidhi bibi harusi mwenyewe, kisha akafuta kila kilichobaki. Miaka yote hiyo hakuna picha iliyovuja. Sharti lililomjengea jina ndilo lililomwacha sasa bila akiba.

Diski iliyokuwa mkobani ilibeba harusi ya Wajir. Mama wa bibi harusi, Naimo, alighani siku hiyo buraanbur aliyomtungia binti yake, Bilan. Majuma machache baadaye Naimo alifariki ghafla. Alikuwa mwanamke asiyependa kupigwa picha, na Bilan hakuwa na sauti wala sura nyingine ya mama yake. Kadi za kamera zilikuwa zimeshafutwa na kutumika kwenye harusi nyingine. Kisha Ruweyda alijikwaa kwenye waya, na diski ikaanguka sakafuni ikiwa inazunguka.

Akishindwa kuirudisha video ile, atakuwa amempokonya Bilan mama yake mara ya pili. Akiirudisha kwa kumwonyesha mwanaume, hakuna mama atakayemfungulia mlango tena.

Namba ya Bulle ilikuwa imeandikwa kwa rangi kwenye ukuta mmoja wa mtaa wa Waberi. Baada ya sala ya alasiri Ruweyda alipiga.

"Ni yule jeuri," akasema.

"Umeiwasha tena?"

"Kwenu hamkufundishwa salamu?"

"Asalaam aleikum. Umeiwasha tena?"

"Waaleikum salaam. La."

"Ilete."

Karakana ya Bulle ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye feni mbili na betri za sola zilizopangwa ukutani ili kazi isikatike stima inapopotea. Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya adabu, na kwa sababu hiyohiyo dada yake mkubwa, Qali, aliketi pembeni akisahihisha madaftari. Qali alikuwa mwalimu wa darasa la sita. Alirudi kwa ndugu yake mwaka uliopita, baada ya mumewe kumwacha, na jina la mume huyo halikutajwa katika nyumba hiyo.

"Ni harusi," Ruweyda akasema. "Sitakwambia ya nani. Upande wa wanawake. Mama wa bibi harusi anaghani humo peke yake, na ameshafariki; huyo ndiye asipotee. Hutafungua hata moja."

"Sina haja ya kufungua. Nitainakili diski yote kama ilivyo, kipande kwa kipande, hadi kwenye diski nzima. Mashine haijui inanakili nini. Sehemu rahisi kwanza, mbovu baadaye. Kisha nitaokoa faili kutoka kwenye nakala, na hii mbovu ipumzike."

"Na baadaye ile nakala?"

"Ukishaniambia kwamba zote zinacheza, nitaifuta mbele yako." Akaongeza, "Majina ya faili yatapotea. Yalikuwa kwenye sehemu iliyokwanguka. Utapata namba tupu, itabidi uzitazame mwenyewe na kuzipa majina."

"Sawa."

"Na kuhusu yale ya sokoni..."

"Unataka kuomba msamaha?"

"Nataka kusema kwamba nilikuwa sahihi. Lakini sauti ilizidi."

Qali alicheka bila kuinua kichwa kwenye madaftari yake.

Kazi ilikwenda polepole, kama kukamua ngamia asiyetaka, na kila siku Ruweyda alipiga simu.

"Mgonjwa ameamkaje, daktari?"

"Amekunywa uji. Nyama amekataa."

"Mpe taratibu."

"Nampa taratibu. Ni mwenye mgonjwa ndiye hana subira."

"Na wewe umekula?"

"Anjera na chai."

"Hicho ni chakula cha asubuhi. Sasa ni alasiri."

"Unanihesabia chakula?"

"Lazima mtu akuhesabie. Mgonjwa wangu yuko mikononi mwako, na mikono inayotetemeka kwa njaa siitaki."

Alipeleka suqaar katika hotipoti, nyama ya mbuzi iliyokatwa ndogondogo na pilipili hoho. Alisema ni ya Qali. Qali alionja kijiko kimoja, akasema ameshiba, akarudi kwenye madaftari. Bulle alikula yote akiwa amesimama, jicho moja kwenye mashine.

Siku moja yeye ndiye aliyepiga.

"Ruweyda, nikishakabidhi kazi hii nataka kuleta wazee kwa adeer yako." Baba yake Ruweyda alikuwa ameshafariki, na adeer Nunow, ndugu wa baba, ndiye aliyekuwa msimamizi wake.

Kwa mbali, kwenye simu, Bulle alisikia mbuzi na mtu akiwafukuza.

"Kwa nini si leo?"

"Leo wewe ni mteja wangu. Ukinikataa utaona aibu kuja kuulizia diski yako."

"Yaani umepanga hadi kukataliwa."

"Nimepanga kila kitu isipokuwa jibu."

"Basi maliza kazi, roho yangu," Ruweyda akasema, na akakata simu upesi kabla ya kusikia neno hilo lilivyopokelewa.

Juma hilo alikwenda Hulugho, karibu na mpaka, kupiga harusi nyingine. Siku aliyofika, mtandao wa simu ulizimika huko.

Siku iliyofuata kichwa cha kusomea kilianza kufa. Bulle alilisikia jambo hilo kabla mashine haijamwonyesha. Mlio wa diski ulibadilika. Diski ile ilibakiwa na uhai mdogo, na hakujua autumie wapi. Sehemu mbovu zilikuwa nyingi. Mojawapo ilikuwa buraanbur ya marehemu, nyingine pengine ni sufuria za pilau. Alimpigia Ruweyda tena na tena. Namba haikupatikana.

Alimwita Qali, akakigeuzia kioo cha laptopu ukutani, akatoka nje ya mlango na kuketi akitazama barabara, ambako korongo wa jalalani walikuwa wamesimama juu ya paa.

"Fungua moja moja," akamwambia. "Mwanamke anayeghani peke yake, huyo ndiye namtaka. Niambie namba ya faili na inakatika wapi. Mengine usiniambie."

"Huyu hapa," Qali akasema baada ya muda. "Inakatika katikati."

Bulle aliingia, akaipa mashine amri ya kurudia sehemu hiyo peke yake, kinyumenyume, akaipumzisha na kurudia. Jioni ilitoka kamili. Muda mfupi baadaye diski ikagonga mara ya mwisho na haikuzunguka tena. Qali aliendelea kutazama faili zilizobaki ili kujua kama ni nzima. Alipomaliza alikuwa na uso mkavu.

"Zote ni nzima," akasema. "Usimwambie huyo msichana kwamba nilitazama."

"Kwa nini?"

"Nakuomba. Sikuombi mambo mengi."

Bulle alikubali. Lilikuwa kosa, naye alihisi hivyo alipokuwa akikubali, lakini hakuuliza zaidi. Ruweyda aliporudi alimkabidhi diski mpya. Hakuwa ameitazama orodha ya faili, kwa kuwa aliahidi kutotazama.

Ruweyda aliifungua chumbani kwake akiwa amevaa baati, gauni la nyumbani la pamba, mlango ameufunga kwa komeo. Alitarajia namba. Alikuta majina. *Mabibi wanaingia. Chakula. Mashangazi wanacheza. Mama wa bibi harusi anaghani, gauni la manjano.*

Aliisoma ile ya mwisho, akaisoma tena. Gauni la manjano halikuwa namba. Ni jambo ambalo mashine haiwezi kulijua. Naimo alivua abaya yake ndani ya mlango uliofungwa, mbele ya wanawake waliomwamini Ruweyda, na sasa mtu fulani Garissa alijua alivaa rangi gani.

Alipiga simu akiwa amesimama.

"Nani ameona gauni la manjano?"

"Gauni gani?" Bulle akauliza.

"Usinifanyie hivyo. Faili zina majina. Majina hayakujiandika."

"Mimi sikufungua," Bulle akasema.

"Nani alifungua?"

"Mtu ninayemwamini. Si mwanaume. Kichwa kilikuwa kinakufa, nikakutafuta Hulugho, hukupatikana. Bila hivyo buraanbur isingetoka nzima."

"Jina."

"Sikupi jina kabla sijazungumza naye."

"Kwa hiyo kuna mtu Garissa ameitazama harusi ya mteja wangu, wewe unamjua, mimi simjui, na nilipokuja jana kuchukua diski ulinitazama usoni ukaniuliza kama nimekula."

"Nilikuwa na sababu."

"Kila mwongo ana sababu. Na bwana harusi yuko wapi?"

"Bwana harusi?"

"Anapoingia mwisho kumchukua mkewe. Nilipiga sehemu hiyo mimi mwenyewe. Haimo."

"Faili zote zilitoka. Hesabu yangu iko hapa."

"Hesabu yako iko huko, video haiko hapa. Umempa nani? Itaanza kuzunguka kwenye simu za watu lini, niambie, nijiandae."

Bulle alizungumza polepole, kama afanyavyo mtu anayeshikilia kitu kizito. "Unaniuliza, au umeshahukumu?"

"Nimeshahukumu."

"Basi huna haja ya jibu langu," akasema, na akakata.

Aliiwasha ile nakala aliyoihifadhi na kulinganisha hesabu: ukubwa wa kila faili iliyotoka na ukubwa wa kila faili aliyokabidhi. Hakufungua chochote. Faili moja ilikuwa imetoka nzima na kisha kufutwa, saa ileile Qali alipokuwa amekaa kwenye kiti.

Alimkuta jikoni akichuja chai.

"Umefuta faili."

Qali aliweka chujio chini. "Nimefuta."

"Qali, mtu ameniita mwongo leo, na nilipolinganisha hesabu nimekuta kwamba ana haki."

"Ilikuwa ya Aweys," Qali akasema.

Hilo ndilo jina lililokuwa halitajwi.

"Nilikuwa natazama harusi ya watu nisiowajua," akaendelea. "Mama anaghani, nikalia, nikasema maskini binti huyu. Mwishoni mlango ukafunguliwa, bwana harusi akaingia. Suti mpya. Saa ileile niliyomnunulia mimi. Unajua aliniachaje? Kwa ujumbe wa simu, nikiwa darasani, watoto wananisubiri niwape hesabu. Akasema hana uwezo wa kuweka nyumba. Halafu akaweka nyumba kule, na ngoma, na ngamia wamechinjwa."

"Nilikupa uiangalie kama ni nzima. Sikukupa uhukumu."

"Ulisema harusi. Hukusema ya nani."

"Sikujua ya nani. Yeye hataji wateja wake. Ndiyo kazi yake yote, Qali, kutotaja, na mimi nimeivunja kwa sababu nilidhani jicho la mwanamke halidhuru." Alipiga kiganja mezani, vikombe vikalia. "Video si ya Aweys. Ni ya msichana aliyefiwa na mama yake."

"Unadhani sijui? Kwa nini ya mama sikuigusa? Niliipa jina ili asipate taabu kuitafuta." Sauti yake ilipasuka, akaikaza tena. "Nipe shungi langu. Nitakwenda kumwambia mwenyewe. Wewe ukisema, utanionea huruma, na sitaki."

Ruweyda aliwafungulia bila kuwakaribisha. Qali alisema yote akiwa amesimama ndani ya mlango, kwa mpangilio, kama anayesoma taarifa ya shule. Alipofika kwenye kufuta hakujitetea.

"Uliituma kwa mtu?" Ruweyda akauliza.

"La."

"Uliipiga picha kwa simu?"

"La. Wallahi sikutaka hata mimi niione tena."

Ruweyda alimgeukia Bulle. "Inaweza kurudi?"

"Ndiyo. Nakala kamili ninayo hapa." Aliweka laptopu juu ya meza na kuelekeza kioo kwa Ruweyda. Akatamka amri, Ruweyda akaziandika kwa vidole vyake vya hina, Bulle akiwa ameutazama ukuta. Faili ilirudi. Ruweyda aliifungua, akaona mlango unafunguka na mwanaume mwenye suti anaingia, akaifunga.

Kisha akachukua simu yake.

"Unampigia nani?" Qali akauliza.

"Bilan."

"Usimpigie. Abaayo, dada yangu, nakusihi. Faili imerudi, hakuna aliyejua."

"Mimi najua," Ruweyda akasema. "Wanawake hawanilipi kwa kamera, kamera kila mtu anayo. Wananilipa kwa sababu nikiulizwa ni nani ameona, naweza kujibu. Leo nikificha, kazi hiyo sina tena."

Alipiga, akaweka sauti wazi. Alimweleza Bilan kwa sentensi fupi. Diski ilianguka. Imeokolewa. Mama yako yupo, mzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwanamke mmoja ametazama bila idhini yangu wala yako. Anaitwa Qali.

Upande wa Wajir mlango ulisikika ukifungwa.

"Qali yupi?" Bilan akauliza. "Yule mwalimu?"

"Ndiye."

"Mmechukua harusi yangu mkampa yeye aitazame." Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza. "Alifanya nini?"

"Alifuta mahali mumeo anapoingia. Imesharudishwa."

Qali alisogea karibu na simu. "Bilan, mimi ndiye. Mama yako sikumgusa. Alighani vizuri, Mungu amrehemu. Sikujua ni harusi yenu mpaka mwisho."

"Kwa nini ufute? Si wewe uliyeomba talaka?"

Qali alimtazama ndugu yake, kisha simu. "Nani amekwambia niliomba?"

"Yeye."

"Aliniandikia ujumbe. Nilikuwa darasani."

"Ujumbe gani?"

"Wa simu, Bilan. Mistari mitatu, na wa nne ulikuwa salamu kwa Bulle."

Bilan aliposema tena sauti yake ilikuwa imebadilika, lakini haikulainika.

"Ruweyda, niletee ya mama mkononi. Uilete mwenyewe. Zilizobaki zichome. Na baada ya hapo usije tena kupiga harusi ya mtu wa kwetu, na wakiniuliza sababu nitawaambia." Akakata.

Qali aliondoka peke yake kwa miguu, akiwa amejifunika shungi hadi usoni. Bulle alibaki kizingitini. Jua lilikuwa linateremka, na joto la ukuta lilimpiga mgongoni.

"Nimepoteza Wajir," Ruweyda akasema. "Pengine na Mandera. Wanawake huzungumza."

"Najua."

"Ungeniambia siku ile ile niliporudi, ningempigia siku ile ile. Angekasirika kidogo. Leo amekasirika kwa sababu nimechelewa, na nimechelewa kwa sababu yako."

"Ndiyo."

"Usiniitikie tu. Jitetee, nipate mtu wa kugombana naye."

"Kumwita Qali, nitafanya tena, kwa sababu bila yeye buraanbur ingekufa na diski. Kwa kunyamaza baadaye sina utetezi." Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, na bila miwani alionekana amechoka sana. "Na wewe ulinihukumu kama msambazaji wa video za wanawake. Hilo nalo bado liko kifuani."

"Litakaa?"

"Litakaa kiasi."

Walisimama hivyo, kila mmoja na hasira yake, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuiweka chini. Kisha Bulle aliiwasha laptopu juu ya ukuta wa baraza na kuifuta ile nakala mbele yake, kama alivyoahidi. Walisubiri hadi mwisho. Ilichukua muda, na hakuna aliyeondoka.

"Kazi yangu imekwisha," akasema. "Wewe si mteja tena. Najua leo si siku ya kuuliza."

"Si siku kabisa."

"Nauliza."

Ruweyda aliifunga laptopu, akamkabidhi. "Wazee waje," akasema. "Lakini utamwambia adeer haya yote wewe mwenyewe, kama yalivyo. Ukiyapamba, nitasikia. Nitakuwa nyuma ya pazia."

Walikuja Alhamisi: abti Ayanle, mjomba wa Bulle, na wazee wengine wawili wenye ndevu zilizopakwa hina na kofia safi. Adeer Nunow, aliyefanya biashara ya ng'ombe maisha yake yote, aliwaketisha kwenye zulia. Birika la chai ya iliki lilikuwa katikati, na vikombe vimepangwa, ila hakumimina. Watu wa nyumba hiyo walimjua: mzee Nunow hanywi na mtu kabla shauri halijaamuliwa.

Ayanle alianza kwa sifa za koo zote mbili. Alipofika kwenye lile jambo alisema palitokea kutoelewana kidogo, kama kunavyotokea kati ya vijana.

"Abti, samahani," Bulle akasema. "Halikuwa dogo."

Akalieleza lote. Mtandao uliozimika Hulugho, Qali kwenye kiti, faili iliyofutwa, ukimya wake mwenyewe, simu ya Bilan. Hakutaja jina la Aweys, lakini kila mtu katika chumba alilijaza. Ayanle alitazama dari. Mzee mmoja alikohoa. Hakuna aliyewahi kuona mchumba akijishtaki siku ya posa.

Nunow alisikiliza hadi mwisho, mkono kwenye fimbo.

"Kwa hiyo binti yangu alikosewa," akasema.

"Alikosewa," Bulle akajibu.

Nunow aligeuza kichwa kuelekea pazia la chumba cha ndani. Haikuwa desturi. Msichana huulizwa faraghani, na jibu lake huletwa na shangazi.

"Ruweyda. Umesikia. Maneno haya ni kweli?"

"Ni kweli, adeer. Nilikosewa." Sauti ilitoka wazi, bila kutetemeka, na bado ilikuwa na ukali ndani yake. "Na kwetu sisi jina likichafuka halisafishwi kwa siku moja. Wajir hawajanipigia, na huenda wasinipigie tena."

Wazee walitazama zulia. Bulle alitazama pazia.

"Basi hawa niwajibu nini?" Nunow akauliza.

Nyuma ya pazia kitambaa kilisikika kikisogea.

"Wape chai, adeer," Ruweyda akasema. "Inapoa."